Alikohoa mara tatu mbele ya Sifa

Saa moja asubuhi, Jean-Claude Nizeyimana anasimama juu ya ubao uliolazwa kwenye matope, pale kambi inapoishia na msitu unapoanzia. Mkononi ana kipimajoto. Wanaume sita wamejipanga mbele yake, mabuti ya mpira miguuni, mapanga kiunoni. Hawasalimii hadi amalize kusikiliza wanavyopumua.

"Kohoa," anamwambia wa kwanza.

Yule anakohoa kwa kujilazimisha, kikohozi kikavu. Anapita. Wa pili na wa tatu wanapita.

Kipimajoto cha wa nne kinasoma 36.7. Joto ni zuri, ila amesafisha koo mara mbili akiwa kwenye mstari.

"Wewe rudi kambini."

"Papa Jean-Claude, ni moshi. Jana tulipikia kuni mbichi."

"Inaweza kuwa moshi. Rudi tu."

Mwanaume huyo anavua barakoa na kwenda kuketi jikoni. Habishi zaidi. Katika kambi hii, iliyo safari ya siku moja kwa miguu kutoka Kashebere, wilayani Walikale, kila mtu anajua kwa nini Jean-Claude hakubali habari za moshi.

Jean-Claude ana umri wa miaka 44. Ni mfuatiliaji wa gorila, ambao watu wa hapa huwaita ngagi. Kwa miaka tisa amekuwa akiingia msituni siku kumi na kurudi nyumbani siku kumi, akifuata nyayo, vinyesi na matawi yaliyovunjika hadi aifikie familia moja ya gorila kumi na wawili, aandike walichokula na mahali walipolala. Hulipwa dola 110 kwa mwezi.

Hakuzaliwa msituni. Alizaliwa Karuba, kwenye vilima vya Masisi, katika familia iliyoishi kwa maziwa. Baba yake alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Vita vilipofika, ng'ombe wote walichukuliwa mchana mmoja, na Jean-Claude, wakati huo akiwa ameoa karibuni, akashuka na mkewe Epiphanie hadi Kashebere wakiwa na blanketi mbili na sufuria.

"Nilikuwa ninajua kazi moja tu, ng'ombe," anasema. "Ng'ombe anaugua, unamusikia angali anakula. Pumzi yake inabadilika. Watu wa ngagi waliniuliza unajua nini, nikawaambia njo hiyo, ndiyo hiyo tu."

Walimchukua kwa sababu hiyo. Gorila huambukizwa mafua ya binadamu kwa urahisi, na mafua yanayomlaza mtu siku mbili yanaweza kumaliza familia nzima ya gorila. Ndiyo maana mradi anaoufanyia kazi unawakutanisha watu ambao kwa kawaida hawaketi meza moja: madaktari wa wanyama, wataalamu wa maabara, mafundi wa vinasa sauti vinavyofungwa mitini ili kuhesabu vikohozi, na wahandisi wanaojaribu kitambaa kipya cha barakoa ambacho hakilowi kwa mvua.

Yeye huueleza kwa ufupi, kwa Kiswahili cha kwao ambamo "wale" ni "bale". "Bale ba daktari banatafuta ugonjwa. Bale ba mashine banatafuta sauti. Bale ba kitambaa banatafuta pumzi isipite. Mimi ninatafuta ngagi."

Sifa alikuwa na miaka mitatu. Wafuatiliaji ndio waliompa jina hilo, jina la mtoto yeyote wa Kivu, kwa sababu alipenda kutazamwa. Wenzake walipojificha kwenye majani, yeye alitoka mbele akajipiga kifua, kisha akaanguka chali.

Mwezi wa Februari mwaka jana, Jean-Claude aliondoka nyumbani Jumanne kwenda zamu yake. Alimwacha bintiye mdogo, Umulisa, mwenye miezi kumi na minne, akikohoa tangu Jumapili. Epiphanie alimwambia asiondoke.

"Nilimwambia, Papa Nicole, mtoto huyu hapumui vizuri," anakumbuka Epiphanie. Nicole ni binti yao wa kwanza, mwenye miaka kumi na miwili. "Akaweka sikio kwenye mgongo wa mtoto, akasikiliza. Akasema, ni mafua, yatapita. Yeye anayesikia ng'ombe."

Alhamisi, akiwa kambini, koo lilianza kumkwaruza. Ijumaa wakamkuta Sifa amenaswa na waya wa mtego. Alikuwa ameukata kwenye mti, lakini kitanzi kilibaki kwenye kifundo cha mkono, na mkono ulikwisha vimba. Wakapiga radio kumwita daktari wa wanyama, Kampire, aliyekuwa njiani na angefika Jumapili. Hadi hapo ilibidi mtu asimpoteze Sifa machoni.

Wafuatiliaji wawili walikuwa wamekimbia na familia zao kwa sababu ya milio ya risasi upande wa barabara. Waliobaki walikuwa wachache, na hakuna aliyejua njia za familia ile kama Jean-Claude.

Jumamosi asubuhi kiongozi wa kambi, Bayingana, alimpima joto. Kipimajoto hakikuonyesha homa.

"Akaniuliza, kifua iko vizuri? Nikasema iko vizuri," anasema Jean-Claude. "Nilijua. Ile siku nilikuwa ninajua. Sikusema."

Mvua ilinyesha tangu saa mbili. Barakoa za wakati ule zilikuwa za karatasi. Zikilowa, zinagandamana puani kama ngozi. Alipokuwa akipanda mteremko wa mwisho hakuweza kuvuta pumzi. Akaivua, akaiweka mfukoni. Alipofika juu, Sifa alikuwa hatua kama kumi mbele yake, ameushika mkono wake mbovu kwa mkono mzima.

Jean-Claude akakohoa. Alijaribu kukizuia kikohozi kwa kiwiko, kikatoka tena, na tena. Mara tatu.

"Hakukimbia," anasema. "Alinitazama tu."

Jumapili mchana Kampire alifika, akamchoma Sifa sindano ya usingizi, akaukata waya. Watu walipeana mikono kwa furaha. Jean-Claude aliwekwa mbali kuzuia gorila wengine.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo, Kashebere, Umulisa alikuwa amekwisha kufa.

Epiphanie anaisimulia bila kupandisha sauti, akiwa anachambua maharage mlangoni. Usiku wa kuamkia Jumapili mtoto alikuwa akivuta pumzi hadi mbavu zinaingia ndani. Kukicha akamkimbiza kwenye kituo cha afya. Muuguzi akamwambia ukweli: mtoto anahitaji oksijeni, na chupa ya oksijeni ilikuwa tupu tangu kabla ya Krismasi. Alipaswa kwenda hospitali ya Walikale. Hakuna pikipiki iliyokubali kwenda. Barabara ilikuwa imefungwa kwa siku mbili kwa sababu ya mapigano.

"Nikasema nitaenda kwa miguu. Nikamufunga mgongoni, nikatembea. Alikuwa anatoa sauti, hii sauti, kila nikikanyaga. Kisha nikasikia amenyamaza. Nikafurahi. Nilifikiri amelala."

Alitembea hivyo kwa muda asioujua. Mwanamke mmoja aliyekutana naye barabarani, aliyebeba mihogo, ndiye aliyemwambia asimame.

Ujumbe ulimfikia Jean-Claude Jumatatu kupitia radio ya kambi. Alipofika nyumbani, majirani walikuwa wamekwisha mzika mtoto. Mchungaji alirudia sala kwa ajili yake, mbele ya udongo uliokuwa bado mbichi.

Kiongozi wake alimpa mwezi mzima wa kuomboleza. Alirudi baada ya siku kumi na mbili. Anasema nyumba ilikuwa kimya mno.

Siku aliyorudi ndiyo siku gorila walianza kukohoa.

Wa kwanza alikuwa mama yake Sifa. Siku iliyofuata walikuwa watano. Sifa aliacha kula, akawa anaketi ameinamisha kichwa, makamasi yakimtoka. Alikufa siku ya sita. Mama yake alimbeba siku nne, mgongoni kwanza, kisha kwa mkono mmoja, akimburuta.

"Mimi njo niliandika kwenye daftari," anasema Jean-Claude. "Siku ya kwanza, mama anabeba maiti. Siku ya pili, mama anabeba maiti. Mukono uliandika. Mimi nilikuwa ninaona Mama Nicole barabarani."

Sampuli za vinyesi na makamasi ziliwekwa kwenye vichupa vidogo ndani ya sanduku la barafu. Ilibidi zifike barabarani kabla barafu haijayeyuka, kisha pikipiki izipeleke kwenye ndege ndogo. Njia ambayo watu hutembea siku nzima, wafuatiliaji wanne waliikimbia kwa kupokezana kwa saa tano na nusu. Kipande cha mwisho alikikimbia Jean-Claude, sanduku kifuani. Pikipiki ilikuwa inamsubiri ikiwa imewashwa.

Epiphanie alisikia habari hizo sokoni. Jioni, mumewe alipofika nyumbani, alimpa chakula chake, akasubiri amalize.

"Nilimuuliza swali moja," anasema. "Makamasi ya ngagi yalipanda ndege. Ya mtoto wangu yalikauka kwenye kitenge. Nani alikimbia naye?"

Wiki tatu baadaye Kampire aliwaita wafuatiliaji kwenye hema kuwasikilizisha sauti zilizonaswa mitini. Kompyuta ilikuwa ikifundishwa kutofautisha kikohozi cha gorila na sauti nyingine za msitu, na masikio ya wafuatiliaji yalihitajika kuisahihisha. Walisikia ndege, tawi likivunjika, gorila akikohoa. Kisha zikaja sauti tatu tofauti, karibu sana na kinasa sauti, mvua ikinyesha nyuma yake. Ilikuwa Jumamosi ile.

"Huyu ni mtu," Kampire alisema. "Nani?"

Bayingana, aliyekuwa amehudhuria matanga ya Umulisa, alijibu haraka. "Docteur, msitu una watu wengi. Inaweza kuwa mwindaji."

Jean-Claude akasimama. "Hapana si mwindaji," alisema. "Njo mimi."

Aliwaeleza yote: koo la Alhamisi, barakoa mfukoni, hatua kumi. Kisha akavua mabuti ya mradi, akayaweka mbele ya daktari na kutoka nje peku.

Kampire alimfuata na mabuti mkononi. Anasema hakuwa na hasira, alikuwa na aibu. "Tuliwaambia mtu mgonjwa asiingie, lakini hatukumwuliza mtu yeyote nyumbani kuko namna gani. Sheria yetu ilimwona ngagi. Haikumwona mtoto."

Majibu ya maabara yalirudi baada ya wiki sita. Gorila walikuwa wameugua virusi vya mafua ya binadamu, vya aina inayosambaa kila mahali. Wakati ule ule wawindaji na wachimba madini walipita msitu huo huo. Haikuwezekana kusema vilitoka kwa nani.

"Docteur aliniambia, Papa Jean-Claude, huwezi kujua kama ni wewe," anasema. "Alifikiri ananituliza. Kama ningeambiwa ni mimi, ningelia, ningemaliza. Sasa hivi kila siku ninauliza upya. Na mutoto wangu alikuwa na nini? Hata hiyo hatujui. Hakuna aliyepima."

Hakufukuzwa. Siku hizi mtu akisema anaumwa anabaki kambini na mshahara wake haupungui, jambo ambalo Jean-Claude mwenyewe aliliomba. Barakoa anayovaa sasa ni ya kitambaa kipya, jaribio nambari 14. Kila baada ya mteremko huandika kwenye daftari la wahandisi jinsi alivyopumua. Mvua ya juzi, aliandika: "Imelowa inje. Ndani kavu. Sikuivua."

Aliomba pia jambo la pili, na hilo lilichukua miezi minane. Familia za wafuatiliaji, kisha kijiji kizima, ziingizwe kwenye upimaji. Kituo cha afya sasa kina vifaa vya kuchukua makamasi ya watoto na kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kuonyesha kiasi cha oksijeni katika damu.

Mtu anayekibana kwenye vidole vya watoto, siku tatu kwa wiki, ni Epiphanie. Alifundishwa na muuguzi. Watu walishangaa alipokubali, na yeye alishangaa zaidi.

"Mama analeta mtoto, ninaweka kwenye kidole, ninaona 84, na mtoto mzima huwa 95 kwenda juu," anasema. "Zamani nilikuwa ninaona mbavu tu. Sasa ninaona namba. Lakini chupa ya oksijeni ingali tupu. Kifaa kinatuambia mtoto anakosa hewa, na hewa yenyewe iko Walikale."

Tangu Januari ameona watoto tisa wa aina hiyo. Saba walifika hospitali. Kuhusu wawili hao wengine, anaomba tusimuulize.

Fedha za mradi zinaisha Septemba na hakuna aliyewaambia kitakachofuata. Epiphanie anataka warudi Karuba, ingawa waliotoka huko wanasema malisho yao yana wenyewe wapya. Jean-Claude hajakataa wala hajakubali. Mama yake Sifa ana mimba, na Jean-Claude angependa kuwepo atakapozaa.

Kwa sasa ana mpango mmoja. Amewaandikisha wanaume kumi na wanane wa Kashebere, wafuatiliaji na wabeba mizigo, waendao kwa miguu na wenye pikipiki, waliogawana barabara ya Walikale vipande vipande. Barabara ikifungwa, watapita vijia vya msituni wanavyovijua. Machela wameishona wenyewe kwa turubai. Wanachosubiri ni mashine ya oksijeni ya kubebwa mgongoni, ambayo Kampire ameiomba mahali kadhaa na bado hajajibiwa.

"Mashine ikikuja, vizuri. Isipokuja, tutabeba hivyo hivyo," anasema Jean-Claude akifunga kamba za barakoa yake nyuma ya kichwa. "Kukimbia tunajua. Tulikimbia na vile vichupa mpaka barafu haikuyeyuka. Ninaomba Mungu mutoto mwingine akikohoa hapa, asikose mutu wa kukimbia naye."