Naomba Ruhusa ya Kukutania

Mimi ni mtu wa Morogoro na nina mdomo. Nyumbani darasa langu lilisikika hadi barabarani, wala sikuona ubaya. Basi siku ya kwanza nilipoingia kufundisha kidato cha pili, katika shule moja ya Kagugu, nchini Rwanda, wanafunzi walisimama kwa pamoja, wakanisalimu kwa pamoja, wakakaa kwa pamoja, kisha kimya. Nilidhani kuna msiba.

Sheria ya pale haikuwa na mjadala. Anayetaka kusema ananyoosha mkono, anasubiri kuitwa, anasimama mikono nyuma, anaomba ruhusa, anasema, anashukuru, anakaa. Aliyeisimamia alikuwa mwalimu wa nidhamu, Mnyarwanda aliyekulia Ngara, upande wa Tanzania, mzee mrefu ambaye suti yake haikujua mkunjo. Hakuwa na fimbo wala sauti kubwa. Akitutazama tu, hata mimi nilikuwa najipanga.

Sasa, mimi niliajiriwa kufundisha Kiswahili cha kuzungumza, na hakuna aliyezungumza. Nilikuwa kwenye majaribio ya muhula mmoja. Mwishoni mzee huyo angekuja kukaa darasani, asikilize, kisha aseme kama nabaki au narudi kwetu. Nami sikutaka kurudi kabisa. Niliupenda mji ule na wale watoto, na mama yangu alikuwa ameshautangazia mtaa mzima.

Nikaja na dawa: utani. Niliwaeleza kwamba kwetu mjukuu ana haki ya kumtania bibi yake, na bibi haruhusiwi kununa.

"Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, mimi si mwalimu. Ni bibi yenu. Haya, nitanieni!"

Ndege ikapita ikielekea kutua uwanja wa Kanombe, tukaisikiliza yote. Ndipo kijana mmoja wa mbele akanyoosha mkono. Nikamwita, akasimama, mikono nyuma.

"Mwarimu, naomba ruhusa ya kukutania."

"Ruhusa umepewa."

"Bibi, wewe iko mzee sana. Asante, mwarimu."

Akakaa. Darasa zima likampigia makofi matatu ya pongezi, likanyamaza. Nilicheka hadi nikashika ubao, nao wakanitazama kwa heshima, wakisubiri nimalize.

Waliendelea kunitania kwa utaratibu huohuo, kila Ijumaa, kama wasoma taarifa ya habari. Niliambiwa natembea kama bata. Niliambiwa chai yangu ni sukari iliyoonjeshwa maji. Lakini walizungumza! Binti mmoja tu, wa pale dirishani, hakuwahi kufungua mdomo.

Ijumaa ya ukaguzi mzee aliketi nyuma. Nilikuwa nimeandaa somo la ufahamu, la kistaarabu, lisilo na bibi wala mjukuu. Kabla sijaanza, yule binti wa dirishani akanyoosha mkono. Kwa furaha nikamwita bila kufikiri.

"Mwarimu, naomba ruhusa ya kumtania babu."

"Babu yupi?"

Akaonyesha nyuma, kwa mkono wazi, kwa adabu zote.

Nikimkatalia, huyu hatasema tena. Nikimkubalia, nikafunge mizigo.

"Ruhusa umepewa," nikasema.

"Babu, viatu vyako iko na kelele. Tunavisikia toka ofisini, ndiyo sababu hujawahi kutukamata. Asante, babu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee alivitazama viatu vyake. Kisha akasimama, akaja mbele, na kweli vililia kwii, kwii, kila hatua, huku watoto wamekodolea madaftari macho. Akasimama mbele ya yule binti, mikono nyuma.

"Mjukuu wangu, viatu hivi navivaa makusudi. Nataka bibi yenu huyu mwenye kelele apate muda wa kunyamaza."

Utani wa Ngara ulikuwa haujamtoka! Darasa likapasuka. Walicheka vinywa wazi, wakapiga madawati, bila kuomba ruhusa ya mtu. Yule binti alicheka hadi machozi. Mzee naye alicheka, mabega yakirukaruka ndani ya suti.

Kengele ilipolia alinisubiri mlangoni, uso umesharudi kazini.

"Muhula ujao utarudi," akasema. "Ila hicho kipindi cha bibi, ufunge madirisha. Na mimi nina wakubwa zangu."

Nikaitikia kwa adabu. Nikangoja viatu vyake viishie mbali kabisa, ndipo nikapiga kigelegele.