Siku Shangazi Alipochaguliwa Jaji

Juzi niliona picha ya Shangazi amevaa joho jeusi, nikaikumbuka Jumatano ile, saa nane mchana. Nyumba yetu ya Blacktown, Australia, ilinukia iliki. Mama alikuwa akimpigia wifi yake vigelegele kwenye simu ya video: watu wa Marekani wamemchagua jaji! Baba, mdogo wake Shangazi, alikwama Mombasa, mipaka imefungwa kwa sababu ya korona.

"Shangazi," nikasema kwa haya, "mwamuru Baba arudi. Wewe hakukatalii."

Alicheka, halafu akafuta macho. "Haya mwanangu, nimemwamuru."

Siku hizi najua jaji wa kule hafungui mipaka ya Australia. Lakini siku ile Mama aligeukia ukuta, nami sikuelewa kwa nini, maana amri imeshatoka.

Asubuhi yake nilivaa gauni langu la Idi, nikakaa mlangoni kumngoja Baba.