Bulo Nilikaza Mimi, Si Papa Kri

Wasomaji wenzangu, leo naomba municheke. Municheke vizuri, juu nimestahili. Lakini mukimaliza, mumuache Papa Kri, ule fundi wa magari wa Murara. Ile gari muliiona kwa video, yenye ilikalia jiwe na bibi harusi ndani, si yeye aliiharibu. Ni mimi! Mimi mwenyewe, na mikono yangu hii miwili, na kichwa yangu hii ngumu.

Jina langu sisemi. Watu wa korteji, ule musafara wa magari ya harusi, watanijua tu, na wengine hawana haja.

Niko na gari ya mbio. Milango mine, turbo, nikiiwasha mbuzi za jirani zinakata kamba. Nilikuwa naipenda kuliko vile Mungu anaruhusu. Kwa macho yangu ilikuwa na kasoro moja tu: nyuma ilikuwa juu. Kila siku nilikuwa natazama kwa simu magari ya vijana wa inchi za mbali, yamelala chini kabisa, yanateleza kwa gudroni, lami laini sawa sahani. Na mimi naishi Murara, kwenye mawe ya volkano, mawe yenye yanatoboa ata viatu! Lakini nani angeniambia kitu?

Nikaagiza Kampala resoro, springi fupi za nyuma, pamoja na amortisere, shokapu ngumu za kuendana nazo. Zilifika ndani ya karto, resoro zimepakwa rangi ya manjano. Nilizipiga picha mbele ya kuzishika vizuri. Ile picha niliiweka kwa profil yangu, mahali palikuwa picha ya mama yangu. Ayi, mama, unisamehe!

Nikazipeleka kwa Papa Kri. Ule muzee anaitwa vile juu ya kri yake ya kuinulia magari, kri ya zamani, nzito, imepakwa rangi ya bluu, kila mutu wa kwetu anaijua. Akashika resoro moja, akaibonyeza chini na mikono yote miwili. Ikakataa kushuka.

"Mutoto yangu, hii kitu waliitengenezea barabara gani?"

"Barabara yote, Papa."

"Yote? Ile ya mbele ya mulango wenu, uliwaonyesha?"

Nikacheka cheko ya mutu mwenye anajua.

Hakukasirika. Akasema nirudi Lundi, Jumatatu ya wiki ya kufuata, juu alikuwa na kazi ya mufanyabiashara mumoja, magari tatu kwa mara moja. Akanieleza na vile yeye anafanyaka. Mikono ya nyuma ya gari, zile chuma zinashika magurudumu, iko na mipira ndani. Bulo za ile mikono, zile bolti za kuifungia, hazikazwi magurudumu yakiwa hewani. Unashusha gari kwanza, unaweka uzito, njo unakaza. Ukikaza ikiwa hewani, siku gari inashuka mipira inajikunja, na kisha inapasuka.

Na uzito wa Papa Kri munaujua! Anaita wale mama wanauza viazi karibu na garaji yake. Wanaingia nyuma ya gari na mabeseni yao, wanapiga stori, wanacheka, na yeye chini anakaza bulo polepole. "Gari iko ya kubeba watu," anasema. "Basi ikazwe na watu."

Mimi niliona ile ni mambo ya zamani. Mama za viazi, ndani ya gari yangu? Na matope yao?

Tena Lundi ilikuwa mbali. Harusi ya mudogo wangu, tumuite Kavira, ilikuwa Samedi, Jumamosi, siku mbili kabla ya hiyo Lundi, na mimi njo nilikuwa nimeahidi kumupeleka kanisani. Mujomba wetu alikuwa amejitolea kuleta jeep yake. Nilimujibu mbele ya jamaa yote: "Bibi harusi apande jeep ya kubebea maharagi kutoka Kiwanja? Hapana, mujomba. Weye beba vinywaji." Watu walicheka. Nilisikia tamu!

Basi Mardi, Jumanne ile ile, nikarudi kwa Papa Kri, nikamudanganya. Nikasema gurudumu langu limetoboka, aniazime kri. Akanipa bila kuuliza. Nikaibeba kwa bega katikati ya kartie, mutaa wote unaniona. Mukumbuke ile.

Nikafanya kazi ndani ya lupango letu, kwa uwanja wa nyumba, simu imeegemezwa kwa tofali inanionyesha namna ya kufanya. Nikatoa resoro za zamani, nikazitupa kwa chuma kuukuu nyuma ya choo. Nikaweka zile za manjano. Nikakaza bulo zote, kwa nguvu zote, magurudumu yakiwa hewani yananing'inia! Sikuita ata mama mumoja wa viazi.

Nikashusha gari. Nyuma ikakaa chini sawa bata anataka kutaga. Mimi nikaona uzuri, nikataka kulia.

Ile wiki nilipata maumivu ya mugongo yenye sijapata tangu nizaliwe. Kila jiwe la Murara lilinisalimia kwa jina. Na Jeudi, Alhamisi, ikaanza sauti nyuma, kwii, kwii, kwii.

"Kaka, hiyo ni nini inalia?" Kavira akaniuliza. "Una hakika itatufikisha?"

"Njo sauti ya gari za mbio. Weye hauzijui."

Samedi ikafika. Gari imefungwa maua na riboni nyeupe. Baba yangu akakaa mbele na suti yake. Nyuma akaingia Kavira na gauni yake yote, na mama musimamizi wake, mama mwenye afya, Mungu amubariki. Nikasikia gari inashuka, inashuka, inashuka. Nikawasha muziki ili wasisikie kwii.

Hatukufika mbali. Pale chini ya kwetu kuko jiwe moja katikati ya njia, kila mutu analijua, unapita juu yake polepole na unaenda. Magurudumu ya mbele yakapita. Kisha tumbo la gari likagonga, kaaa! Mukono wa nyuma ukachomoka kwenye mupira wake, gurudumu likainama likakula bodi, moshi ukatoka. Gari ikakaa juu ya jiwe. Haiendi mbele, hairudi nyuma.

Na korteji nyuma yetu, wanafikiri tumesimama kwa furaha! Wakapiga honi. Wakashuka wakaanza kucheza. Mumoja akatoa simu, akapiga video ya Kavira anatoka kwa dirisha, juu mulango ulikuwa umekwama. Gauni nyeupe, vumbi nyeusi. Mama musimamizi alivutwa na watu wane.

Baba yangu akazunguka gari mara moja. Akaniuliza mbele ya bashemeji wote: "Nani alifanya hii gari?"

Ndugu zangu, pale palikuwa na neno moja la kusema. Neno fupi: mimi. Lilinishinda!

"Papa Kri," nikasema.

Na waliamini, juu walikuwa wameona kri ya bluu kwa bega yangu. Kavira alifika kanisani na jeep ya maharagi, katikati ya kreti za vinywaji. Padri alikuwa amekwisha kuchoka. Harage moja ilibaki kwa veli yake ya kichwani mupaka kwa altare, iko kwa picha zote.

Kesho yake Papa Kri akaja kwetu kuchukua kri yake. Gari ilikuwa ndani ya lupango, imesukumwa na vijana kumi. Baba yangu akamurukia na maneno: muuaji, mulevi, unataka kuniulia mutoto! Ule muzee akapita kando yake. Akainama, akaangalia chini ya gari. Akaingiza kidole kwenye mupira umepasuka. Akaangalia bulo. Kisha akaniangalia mimi.

Alijua. Fundi anasoma bulo sawa mwalimu anasoma daftari. Akasema tu: "Kri yangu iko wapi?" Nikamupa. Akapita nyuma ya choo, akaenda.

Video ikatembea kwa kila grupe ya simu, na maneno chini yake: "Kazi ya Papa Kri hiyo!" Mufanyabiashara wa magari tatu akazitoa zote. Madereva wakaanza kupita garaji bila kusimama. Nilikuwa napita kwa miguu naona ule muzee amekaa juu ya tairi, mikono safi. Fundi mwenye mikono safi ni huzuni kubwa. Na mimi niliendelea kunyamaza, wiki sita nzima, muoga mukubwa!

Wiki ya sita nikaenda. Nikamuuliza juu ya nini alinyamaza.

"Ilikuwa harusi ya dada yako," akasema. "Ningesema, baba yako angekuaibisha, na bashemeji wangesikia. Nikafikiri utasema weye mwenyewe. Nilikupa siku tatu, kisha video ikatembea, na nani angeniamini?"

Nikalia, mutu mukubwa na ndevu. Nikauliza nimulipe nini.

Akanipeleka ndani ya garaji. Resoro zangu za zamani zilikuwa kwa mufuko, zimepakwa grisi, alikuwa amezitoa nyuma ya choo ile siku ya kutukanwa. "Hizi nitakurudishia leo," akasema. "Jina langu uliliangusha mbele ya korteji. Usinirudishie lile jina kwa kificho."

Ile Dimanche, Jumapili, niliwaambia wote mezani, Kavira, bwana yake, mujomba wa jeep. Baba yangu hakunipiga. Alisimama, akavaa ile suti ya harusi, akaenda kwa miguu mupaka garaji. Alikaa juu ya tairi ingine kando ya Papa Kri mupaka mangaribi, ili kila mutu apite awaone pamoja. Bado anaenda kila Dimanche kisha ya misa.

Gari ilirudishiwa resoro zake. Papa Kri aliita mama za viazi, na beseni moja wakaliweka kwa magoti yangu.

Nyinyi vijana wenye kutamani vitu vya kwa simu, muulize kwanza mawe ya kwenu. Asiyesikia la mukubwa huvunjika guu. Mimi nilivunja guu na nikasema ni ya mwingine. Ukikosa, sema siku ile ile, mbele ya watu wale wale. Ukipitisha ile siku, njia ya kurudi inakuwa ndefu sana.

Madereva wameanza kurudi, mumoja mumoja. Lakini weye Papa wa magari tatu, haujarudi bado, na najua uko na simu, na watu watakusomea hii. Ule muzee hana kosa. Bulo nilikaza mimi.