Siku Walipoiteketeza Silaha ya Mama Yangu

Mpaka leo nikisikia mtu anasema maigizo yanaelimisha jamii, damu hunichemka. Nimeyaona yakielimisha. Niliigiza mwenyewe, kofia ya pikipiki kichwani, na nilikuwa karibu kiasi cha kusikia harufu.

Ilikuwa miaka ya hifadhi ya bahari, kisiwa chetu cha Mafia kilipojaa watu wa kutufundisha bahari. Leo semina, kesho warsha, keshokutwa picha za matumbawe ukutani mwa shule. Pale kijijini kwetu Kiegeani tulikwishazoea. Ndipo akaja kijana mmoja wa maigizo kutoka bara, ameletwa na mradi ambao jina lake nimelisahau kwa makusudi. Vijana wa siku hizi, alisema, wanapenda filamu za anga za juu, kwa hiyo uhifadhi tutaufundisha kwa chombo cha anga. Viumbe kutoka sayari nyingine wametengeneza silaha kubwa ya kunyonya uhai wote wa bahari. Wanaanga wanakimbizana na muda waizuie. Mwisho wanaiteketeza, dunia inapona, watu wanapiga makofi.

Alitaka tuigizie Kua, kwenye magofu ya mji wa kale, eti panafanana na sayari iliyokufa. Akaambiwa kule kuna makaburi ya watu na hakuna wa kwenda kurukaruka juu yake na mabati. Tukabaki na kiwanja cha mpira.

Nahodha wa chombo akawa mwalimu mmoja wa sekondari, mtu wa bara. Rubani akawa muuguzi wa zahanati, naye wa bara. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani tu, nikapewa mitambo: mfuniko wa sufuria uliobandikwa vizibo vya soda. Kazi yangu ilikuwa kupiga kelele, "Nahodha, silaha inaamka!" Viumbe waovu wakawa akina mama wanaolima mwani, wote wazaliwa wa hapa, wamejitanda mwani mkavu mwili mzima. Nilimuuliza yule kijana kwa nini wavamizi wawe sisi tuliozaliwa hapa, na waokoaji wawe waliokuja na boti juzi. Akacheka. Akasema nisiichukulie hivyo, hii ni sanaa.

Mama yangu ndiye aliyekuwa malkia wa wavamizi. Alichaguliwa kwa ajili ya sauti. Akimwita mtu ufukweni, msikitini wanageuka.

Na silaha? Silaha ilikuwa wavu wake. Si juya, ule wavu mrefu wa kukokota uliopigwa marufuku. Huu ulikuwa wavu mdogo wa kutanda, wanawake wawili wanaushika huku na huku, maji kiunoni, wanazoa dagaa. Aliushona kwa vipande alivyoomba kwa wavuvi, kipande baada ya kipande, tangu baba alipomwacha. Sisi wote tulilelewa na wavu ule. Mwani ulileta senti za chumvi tu, hakukuwa na kingine cha kutulisha, na aliyetaka kujua hilo angeuliza tu nyumba yoyote.

"Ni pambo tu, mama," kijana alimwambia. "Jioni unarudi nao."

"Mzima?"

"Mzima kabisa."

Na kweli kwenye mazoezi wavu uliingizwa ndani ya pipa, nahodha akafunika, tukashangilia, mama akachukua wavu wake akaenda nao pwani. Kilichomkera kijana ni kitu kimoja tu: watazamaji. Kwetu hakuna anayetazama mchezo mikono mapajani. Ukifurahi unainuka, unaingia katikati ya mchezo wenyewe, unamtuza mchezaji: unamvisha kanga begani, unapiga kigelegele, unarudi kukaa. Hata mazoezini walitutuza. Yeye akawa anapayuka, "Jamani, watazamaji wakae!" Hakuna aliyekaa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, baada ya alasiri. Wageni wa mradi walikalishwa kwenye viti mbele, na miwani yao ya jua. Chombo chetu cha mabati kilitetemeka vizuri. Nahodha akazungusha gurudumu la baiskeli, rubani akapiga kelele kwamba tukichelewa bahari zote zitakauka, mimi nikabonyeza vizibo vyangu. Tulikimbia kiwanja kizima tukiwa tumekibeba kile chombo viunoni. Watu walicheka mpaka wakalia. Mama alisimama juu ya meza ya shule na mwani wake, akatutukana kwa lugha ya sayari yake, akatuzwa kanga ya kwanza.

Nahodha akamnyang'anya silaha, akaitia ndani ya pipa. Hapo ndipo mfuniko ulipotakiwa. Badala yake kijana wa maigizo akatokea nyuma ya mabati, mkononi ana kidumu. Niliijua harufu ya mafuta ya taa kabla hajafika. Baadaye alieleza kwamba wageni walihitaji tukio la kukumbukwa.

Nilitupa mfuniko wangu wa sufuria nikatoka ndani ya chombo mbio. Nahodha akanidaka mkono. "Rudi kwenye nafasi yako," akaninong'oneza, na bado anatabasamu kuelekea wageni. Nilimng'ata. Kiberiti kilikuwa kimeshawashwa.

Nailoni haiungui kama kuni. Inajikunja, inalia, inadondoka matone meusi. Mama aliruka kutoka mezani.

"Wavu wangu! Jamani, wavu wangu huo! Zimeni! Mwizi we, nitawalisha nini wanangu?"

Vigelegele vikapasua kiwanja. Walikuwa hawajawahi kuona malkia akishindwa kwa uchungu namna ile. Wanawake waliinuka mmoja baada ya mwingine wakamvisha kanga. Alizitupa chini, wakadhani ni kiburi cha malkia, wakazidi kushangilia. Jirani yetu, aliyekuwa akishika upande wa pili wa wavu ule kila bamvua, maji yanapokupwa mbali, alivua kanga yake mwenyewe kichwani akamtupia. Wageni walisimama wakapiga makofi. Mama alikuwa ameingiza mkono ndani ya pipa mpaka kiwiko.

Nawachukia wote kwa yale makofi. Najua hawakujua. Nawachukia hivyo hivyo.

Muuguzi ndiye aliyemfunga mkono, bado amevaa mbawa zake za rubani za maboksi. Kijana wa maigizo akaja anameremeta. "Shikamoo, mama! Umeua! Hisia zile hata mazoezini hatukuzipata." Mama yangu hakuwahi kumnyima mtoto wa mtu marahaba maishani mwake. Alimtazama tu, mpaka kijana akaanza kuongea na mimi. Mradi utaangalia suala la wavu, alisema. Mradi uliondoka na boti iliyofuata.

Kijijini walimsifu muda mrefu. Kisimani, harusini, kila mahali: pale ulipolia, bibi wee, ulitutoa machozi. Mwanzo alieleza. Baadaye akaacha. Jirani alipofahamu, alikuja akakaa kizingitini kwetu akalia mpaka magharibi, na mama hakumfukuza wala hakumbembeleza.

Bamvua lililofuata, mkono bado una malengelenge, mama alizitoa zile kanga za tuzo nilizoziokota kiwanjani. Akaziunganisha pindo kwa pindo kwa uzi wa kushonea mikeka. Nikamwambia kanga haivui, inazuia maji tu. Akaniambia nishike upande wa pili.

Tulitanda asubuhi nzima, maji kiunoni. Wavu wa mama ulikuwa na matundu, vitoto vya samaki vilikuwa vinapita vinaenda zao. Kanga haipitishi kitu. Tulipoinua, ndani mlikuwa na vile vidogo kabisa, vyembamba kama nyuzi, macho tu yanaonekana. Siku zote vichache vya namna hiyo vilivyonaswa mama alivirudisha baharini. Siku ile aliviangalia, akaangalia upande wa nyumbani, akavimimina vyote ndani ya ndoo.