Tarumbeta Halihami Bubu

Bwana Pumzi alikuwa mpiga tarumbeta wa harusi mpaka meno yake ya mbele yalipoamua kustaafu kabla yake. Jina hilo alipewa na wenzake wa bendi, kwa kuwa aliweza kushikilia sauti moja hadi bwana harusi akaanza kutazama saa. Meno ya bandia yalimrudishia tabasamu, yakamnyang'anya kazi: kila akipuliza, yalitaka kutoka pamoja na muziki.

Tangu hapo tarumbeta lilining'inia ukutani sebuleni, likimtazama kama mchumba aliyeachwa. Mkewe alikuwa na mipango mingine na ukuta ule.

"Ama upige, ama uuze," alimwambia. "Kabati langu limekaa barazani mpaka kuku wamelifanya kwao."

Binti yao, aliyefanya kazi mji mwingine, akalitangaza tarumbeta kwenye mnada wa mtandaoni, kisha akampa baba yake mawaidha kwa simu. Mazungumzo yote yafanyike ndani ya mnada, si pembeni. Anayekuharakisha, mwogope. Na ujumbe wa malipo si malipo, mpaka uangalie salio mwenyewe. Bwana Pumzi aliitikia "sawa, mwanangu" kila mara, kwa unyenyekevu wa mtu asiyesikiliza.

Mnunuzi akatokea, akapandisha dau kuliko wote. Alijitambulisha kuwa mwalimu wa muziki, akaomba namba ya simu ili wamalizane nje ya mnada kiungwana. Bwana Pumzi, ambaye hakuna aliyemwita muungwana tangu meno yang'oke, akaitoa. Kesho yake ukaingia ujumbe wenye jina la benki: pesa zimepokelewa. Papo hapo simu ikalia.

"Mzee wangu, mtu wa pikipiki yuko njiani. Mkabidhi upesi, nina safari."

Mtu wa pikipiki alikuwa baba mzima mwenye ndevu, aliyekodiwa kwa simu na mtu asiyemjua.

"Nimefuata mzigo, mzee."

Bwana Pumzi alilishusha tarumbeta, akalifuta kwa shati lake. "Haya, puliza."

"Nipulize?"

"Bendi yetu ina mwiko. Tarumbeta halihami bubu. Anayelipokea hulipuliza mbele ya anayelitoa, la sivyo litanuna maisha."

"Mzee, mimi nabeba tu. Jana nimebeba jokofu, hakuna aliyeniambia nigandishe maji."

"Jokofu halina moyo. Puliza!"

Akapuliza. Ikatoka sauti ya mbuzi aliyekanyagwa mkia. Bwana Pumzi akasahau kwamba alikuwa anauza.

"Usivimbishe mashavu, hupozi chai! Bana midomo, kama unatema uzi."

Simu ikalia. "Bado tu? Mpe aondoke!"

"Anajifunza."

"Anajifunza nini? Pesa si umepata?"

Mbuzi akalia tena, na simu nayo. Safari hii uungwana ulikuwa umebaki nyumbani. Mkewe, aliyekuwa akiupima ukuta kwa utepe, akageuka.

"Mwalimu wa muziki gani huyu? Haulizi linalia vipi, anauliza limeondoka? Salio umeangalia?"

"Ujumbe umesema..."

"Hata mimi naweza kukuandikia ujumbe kwamba wewe ni mfalme."

Akamnyang'anya simu, akaangalia salio. Halikuongezeka hata senti.

Bwana Pumzi akaketi. Tarumbeta lililowatoa machozi mama wa maharusi wote wale, nusura aligawe bure kwa neno "kiungwana".

"Kumbe nimetumwa na tapeli?" mtu wa pikipiki aliuliza. "Na ujira wangu aliahidi kunipa nikifika stendi!"

"Basi karibu kwenye ukoo," alisema mke.

Simu ikalia mara nyingine. Mtu wa pikipiki akaipokea, akaisogeza karibu, akainua tarumbeta, akabana midomo. Ikatoka sauti moja, ndefu, safi, iliyowatoa kuku wote kabatini. Mnunuzi akakata, asipige tena.

Binti alipopata habari aliwaripotia wenye mnada, akaliondoa tangazo, kisha akamuuliza baba yake alikumbuka nini katika mawaidha yake.

"Yote," alisema Bwana Pumzi. "Ila baadaye."

Sasa kabati liko sebuleni, chini ya tarumbeta. Jumapili mtu wa pikipiki huja kupuliza, na mwalimu wake humfokea kwa raha zote. Mke hulalamika kwamba sahani zake zitakuja kupasuka kwa mtetemo. Lakini pikipiki ikisikika tu mtaani, ndiye anayewahi kufungua mlango.