Mfagiaji aliyekatisha maombi stendi ya Lushoto

Asubuhi ya Jumamosi, ukungu bado umelalia mabati ya mji wa Lushoto. Mwanamwema Singano, mwenye umri wa miaka hamsini na moja, anasukuma matope kuelekea mtaroni. Amevaa gambuti za kiume, ushungi wa bluu na koti la kung'aa ambalo rangi yake imeshapauka. Mvua ya usiku imeteremsha udongo mwekundu kutoka mlimani na kuumwaga wote hapa stendi, kana kwamba umetumwa kwake.

"Onga mahundo," anawaamkia kwa Kishambaa akina mama wanaoshusha matenga ya kabichi na karoti kutoka Shume na Mlola. Wanainua maturubai yao, anafagia chini yake, wanayatandika tena. Mmoja anamtania kwamba siku hizi hata viongozi humwogopa.

"Waniogope kwa lipi?" anauliza bila kuacha kufagia. "Mimi nilisema tu."

Alichokisema, na mahali alipokisemea, ndicho kilichomfanya ajulikane mji mzima.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, viongozi wa mji na wamisionari huzunguka kwa miguu wakiombea mji uhuishwe. Huombea soko, barabara, vijana waache pombe ya gongo, wageni warudi. Mchungaji Nathanieli Shekiondo ndiye huwaongoza. Martin, mmisionari kutoka Ulaya anayeishi Lushoto mwaka wa sita sasa, hufuatana naye. Diwani Twaha Mbelwa ni Mwislamu, naye huinua mikono akaomba dua yake pembeni.

Mwezi wa tatu walisimama stendi, wakaunda duara. Nyuma yao walikuwa wameketi wauza mboga, ambao wiki ileile walikuwa wametangaziwa kwamba mwisho wa mwezi waondoke. Walitakiwa kuhamia bondeni, nje ya mji, mahali ambapo hakuna gari linalosimama.

Martin ndiye aliyeomba. "Bwana, ondoa kila kinachouchafua mji huu. Ondoa ulevi. Ondoa wizi. Ondoa biashara za chini zinazoharibu sura ya mji."

Duara likaitikia, "Amina."

Mwanamwema alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, akizoa taka.

"Hiyo amina irudisheni!" alipaza sauti.

Watu wakafumbua macho. Anasema hata yeye mwenyewe alishtuka kuisikia sauti yake, lakini alikuwa ameshaanza.

"Shikamoo, Mchungaji," alisema kwanza, kwa kuwa Mchungaji ni mkubwa kwake. "Mimi ndiye ninayezoa uchafu wa mji huu. Hawa hapa si uchafu. Huyu anaitwa Rukia. Kabichi mliyokula jana kaibeba yeye kutoka Shume. Sasa mnamwomba Mungu amfagie?"

"Mama Rahma, heshima!" Diwani alimkemea Mwanamwema kwa jina la bintiye. "Watu wako kwenye maombi."

"Na mimi niko kazini, mheshimiwa."

Maombi yakaishia hapo. Jumatatu, msimamizi wa usafi alimwita na kumtaka aombe radhi mbele ya kundi lile, la sivyo asionekane kazini.

"Nikamuuliza, radhi ya nini? Akasema ya kuwaaibisha wakubwa," anasimulia. "Nikavua koti, nikamkunjia vizuri, nikamwachia mezani."

Kaka yake, Hamza, alipanda kutoka Vuga, ambako analima maharage, akaja kumsema. "Ulikuwa na kazi, dada. Watu wanaitafuta hiyo kazi hawaipati. Wewe umeitupa kwa maneno ya mdomo tu!" Wapo pia waliosema kwamba Mwislamu hana lake katika maombi ya Wakristo. Jibu lake kwao lilikuwa fupi: mji hawajaugawana.

Lakini nyumbani hali ilikuwa ngumu. Binti yake, Rahma, yuko kidato cha nne, na baba yake alishafariki.

"Nililia," Mwanamwema anakiri. "Nisikudanganye, nililia sana. Lakini sikulia kwa kujuta. Nililia kwa hasira, kwamba mtu anaweza kunyang'anywa ugali kwa kusema jirani yake ni mtu."

Alipojifuta machozi, alichukua mapeasi kwa mali kauli, alipe akishauza, akaenda stendi, akatandika gunia lake ubavuni mwa Rukia. Mwisho wa mwezi ulipofika, wauza mboga hawakunyanyuka. Mgambo walikuja, wakawakuta wameketi mstari kwa mstari, Mwanamwema akiwa mbele. Wakasema watarudi.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nne, waliotangulia kufika, kabla mgambo hawajarudi, ni watu wa maombi.

Mchungaji Nathanieli alimwendea moja kwa moja. "Mwanamwema, leo tuombe nini hapa?"

"Ombeni mnachotaka, Mchungaji. Ila leo ombeni mkiwa mmekaa. Hapa chini, tulipokaa sisi."

Mchungaji, mzee wa miaka sabini na mwenye magoti mabovu, alivuta gunia tupu, akajishusha taratibu huku akishikwa mkono. Martin alisimama kidogo akitazama tope, kisha naye akakaa. Diwani Twaha aliangalia saa yake, akaangalia watu waliokuwa wakimwangalia, akapandisha suruali na kuchuchumaa.

Mvua haikuwasubiri wamalize. Ilishuka kwa nguvu kama kawaida yake msimu ule, na maji ya mlimani yakapita palepale walipoketi. Mchungaji aliendelea kuomba. Rukia akainuka, akavuta turubai lake likawafunika yeye, kabichi zake na mmisionari.

"Maombi yangu siku hiyo yalikuwa mafupi kuliko yote niliyowahi kuomba," Martin ameliambia gazeti hili huku akicheka. Kisha akaacha kucheka. "Bado naamini stendi inahitaji kupangwa. Lakini mji hauwezi kuwa mpya kwa kuwatoa watu wake. Nilihitaji kulowa ili nilione hilo."

Diwani Twaha hasemi mengi. Anathibitisha kwamba ameomba baraza la madiwani lisimamishe kuwahamisha akina mama hao, na badala yake lijadili kuwajengea paa na choo palepale. Baadhi ya wenye maduka wanapinga, wakisema paa hilo litaziba maduka yao. Uamuzi haujatoka.

Kazi yake, hata hivyo, Mwanamwema ameipata tena. Msimamizi alimtumia ujumbe arudi kimya kimya. Alikataa.

"Nikamwambia, uliniondoa mchana watu wanaona. Nirudishe mchana watu wanaona." Akaletewa koti stendi, mbele ya matenga, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka bodaboda wakazima pikipiki kuuliza nani anaolewa.

Hakutakiwa tena kuomba radhi, naye hakuomba.

Sasa watu wa maombi humuuliza yeye wapi pa kusimama. Amewapeleka nyuma ya soko, kwenye choo kilichobomoka, na kwenye kona ambayo gongo huuzwa mchana kweupe. Mwenyewe huomba dua yake akiwa amesimama kando, na akisikia jambo asilolikubali, hakohoi tu kwa adabu. Husema.

Baraza litakutana wiki ya mwisho ya mwezi huu. Mwanamwema ameshapanga.

"Nitawapeleka kwenye mlango wa ukumbi," anasema. "Mchungaji, mzungu, diwani akitaka, na akina mama wote na matenga yao. Waombe pale kwa sauti. Na waliomo ndani wakitaka kutoka, itabidi wapite katikati yetu, mmoja mmoja, wakituangalia usoni."