Jina Zito

Harufu ya mvuje hainipiti mpaka leo. Nikikatiza Darajani penye maduka ya dawa za miti, hata nikiwa na haraka zangu, pua hunirudisha nyuma, nami huwa tena mtoto wa miaka saba aliyelala kitandani, shingoni kafungwa kipande cha mvuje ndani ya kitambaa cheusi, ili kunuka kwake kufukuze kila kiovu kisichoonekana. Kwa kweli kilifukuza kila mtu, nami ningekimbia kama ningeweza. Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya Wajerumani. Homa ilinishika mwezi wa Mfungo Sita, ikawa inakuja na kuondoka mpaka Mfungo Tisa. Nyumba yetu ilikuwa Malindi ya hapa Unguja, na treni ya Bububu ilipopita na kishindo chake, mama aliniziba masikio kwa viganja vyake viwili, kwani kichwa kilikuwa kinataka kupasuka. Kila dawa ilipokwisha kujaribiwa, baba alimwendea mwalimu wangu wa chuoni, aliyekuwa akitusomesha Kurani na mwenyewe akiijua elimu ya nyota. Mwalimu akaliandika jina langu na jina la mama, akazihesabu herufi moja moja, akatikisa kichwa. Jina na nyota havipatani, alisema. Jina ni zito, na mtoto hana mabega ya kulibeba.

Nilikuwa nikiitwa Zuwena. Jina hilo lilikuwa la bibi yangu, mama yake baba, aliyekuwa akikaa Chukwani, na ni yeye aliyenipa siku ya saba baada ya kuzaliwa. Kwetu watu wawili wenye jina moja huitana somo, na usomo ule ulimpa Bibi ruhusa ya kunidekeza kuliko wajukuu wote. Lakini mama alikuwa ameshazika watoto wawili kabla yangu, hakutaka kusikia habari za usomo. Ijumaa iliyofuata yakasomwa maulidi, ikapikwa bokoboko, na jioni yake nikawa naitwa Mize. Ni jina jepesi, alisema mwalimu, hata upepo unalichukua. Sharti likawa moja tu: nisiitike tena nikiitwa Zuwena, hata mara moja. Nikiitika, homa itajua nilipo. Watoto wa mtaani waliposikia hivyo wakapata mchezo mpya, wakawa wanajibanza nyuma ya milango na kuniita jina la zamani ili waninase. Niliuma ulimi mpaka ukatoka damu. Na homa, nisiseme uongo, iliondoka.

Ikaamuliwa nipelekwe Chukwani kwa Bibi nikapate upepo wa pwani. Hapo ndipo palipokuwa na kazi, kwa sababu Bibi alikuwa hajaambiwa. Baba alikuwa mtu mwenye ndevu zake, akizungumza barazani watu humsikiliza, lakini mbele ya mama yake alikuwa bado mtoto. Angeanzaje kumwambia kwamba jina lake lilitaka kumuua mjukuu? Njiani, tukiwa juu ya punda, alinitazama kwa upande akasema, "Bibi yako akikwita, usiitike. Nenda tu ukasimame mbele yake."

"Na akiniuliza?"

"Hatokuuliza."

Alikuwa akijidanganya, maana hakukuwa na kitu duniani ambacho Bibi alikuwa haulizi. Alinifikisha, akanywa kahawa kikombe kimoja, akageuza punda kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo baba hakulifikiria. Macho ya Bibi yalikuwa na mtoto wa jicho, akiona mwanga na kivuli tu, kwa hivyo kusimama kwangu mbele yake hakukuwa na maana kwake. Yeye aliishi kwa kuita na kuitikiwa. Akikaa juu ya mbuzi kukuna nazi aliita, akitafuta bakora yake aliita, akisikia kuku anatembea ndani aliita: "Zuwena!" Sisi watoto wa wakati ule tulifundishwa kumwitikia mkubwa kwa kusema "Labeka", na neno lile lilikuwa linanijaa kinywani kama kipande cha muhogo wa moto. Nilikimbia nikamgusa goti. Siku za mwanzo alidhani homa imeniharibu masikio, akanilaza mapajani akanitia mafuta ya uvuguvugu yaliyochemshwa na kitunguu thomu. Siku ya tatu akanong'ona, pole pole kabisa, kwamba kuna halua kabatini, nami nikainuka. Akajua kwamba ninasikia. Tangu hapo hakuniita tena. Akinitaka, aligonga sakafu kwa bakora.

Mlio ule wa bakora juu ya sakafu uliniumiza kuliko homa. Alasiri moja nilikuwa nyuma ya jiko nikamsikia akizungumza na jirani yake. "Wote walokuwa wakiniita Zuwena nshawazika," alisema. "Wanangu wananiita mama, wajukuu bibi, nyinyi mnaniita Bi Mkubwa. N'lipompa mtoto jina langu, n'likuwa nataka nilisikie linaitikiwa ndani ya nyumba hii kabla sijafa. Sasa nikilitupa, halirudi. Mtoto hanipendi, na simlaumu."

Niliogopa kufa, nasema wazi. Niliwakumbuka ndugu zangu wawili ambao mama hakuwataja bila ya kujifuta uso. Lakini kumwacha Bibi aamini kwamba simpendi, hilo pia sikuliweza. Jirani alipoondoka nikaingia nikamwambia, "Bibi, niite."

"Nikwite nini, nawe hutaki kuitika?"

"Niite tu. Leo nitaitika."

Akaiweka bakora kando, akaita, "Zuwena." Nikafungua kinywa. Mvuje ukanipanda puani, na badala ya "Labeka" kikanitoka kilio. Nikamweleza yote, mwalimu na herufi zake, bokoboko, Mize, na homa inayongoja niitike. Bibi akanyoosha mkono akapapasa shingo yangu mpaka akakipata kile kitambaa cheusi. Nilingoja hasira. Ikaja kicheko, kwanza kidogo, kisha kikubwa hata kanga ikamwanguka kichwani.

"Masikini mwanangu! Baba yako kaniogopa mimi kuliko homa, mzigo akakutwika wewe. Nami nakutia mafuta masikioni bure!" Akajifuta macho. "Mize ni jina zuri. Lakini mwalimu kabadili jina tu, usomo hakuugusa. Somo!"

"Labeka!" Nilipiga kelele hata kuku wakatawanyika.

"Ehe. Sasa n'ambie, umekatazwa kuitika. Kuita, umekatazwa?"

Nikafikiri. Hakuna aliyenikataza kuita.

"Basi niite mimi."

Kwetu mtoto aliyemtaja mkubwa jina kavu alipigwa kofi la mdomo, kwa hivyo nililitoa kwa kunong'ona. Akajifanya hakusikia. Nikavuta pumzi nikaita, "Zuwena!" Na Bibi akaitika, "Labeka!" kwa sauti nyembamba, kama msichana aliyeitwa kutoka mchezoni, na yale macho yasiyoona yakajaa machozi. Aliniitisha mara tatu. Asubuhi aliniwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiweka tena, akasema nimepoa kama maji ya mtungi. Baba alipokuja Ijumaa, alipokewa mlangoni kwa maneno haya: "Karibu. Somo yangu Mize hajambo." Alikaa chini palepale kizingitini, akacheka kwa haya, na nadhani hakuwahi kushusha pumzi ndefu kama ile.

Siku hizi hakuna anayepima majina. Mjukuu wangu alijifungua mwaka huu, mtoto akaandikiwa cheti kitovu hakijakauka, na kila mwezi hutundikwa kwenye mizani ya kliniki. Anapimwa mtoto, jina haliulizwi uzito wake. Simtukani mwalimu, kwani nimeishi. Lakini nawajua waliobadilishiwa majina wakazikwa na majina mapya, na kwa hivyo mizani ile naishukuru sana. Wamempa jina Zuwena. Habari hii hawaijui, wamelipenda tu. Niliposikia, nikaenda kumwona huku pua yangu ikitafuta mvuje. Alikuwa mnene, akinukia poda. Mama yake akaniachia mtoto akaenda kuanika nguo. Mimi sasa ni Bibi wa kila mtu, na wa kuniita Mize wamebaki wawili. Nikamwinamia mtoto nikaita, "Zuwena!" Akanitazama, mate yakimtiririka, kusema hajui bado. Nikangoja kidogo. Kisha nikaitika mwenyewe, kwa sauti kubwa hata mama yake akachungulia mlangoni: "Labeka!"